Nasaba Iliyokatika: Kuutafuta Ukoo miongoni mwa Wazawa wa Frere Town na Rabai

Katika upwa wa Afrika Mashariki nasaba ni mali, tena mali isiyogawiwa ovyo. Mtu wa Lamu au wa Mvita akiulizwa yeye ni mwana wa nani, hatosheki kulitaja jina la babaye. Huipanda ngazi ya "bin" na "bin" hata amfikie yule mkubwa ambaye msikilizaji naye amepata kumsikia. Habari za watawala wa Pate zilihifadhiwa hivyo katika kumbukumbu ya Bwana Kitini, mzee wa ukoo wa Nabahani, kabla ya wageni kuziandika kwa kuzisikia kinywani mwake. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947) aliandika kwa Kiarabu historia ya ukoo wake uliopata kuitawala Mombasa. Naye Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yule Tippu Tip aliyefariki mwaka 1905, alipoyasimulia maisha yake kwa Kiswahili hakupata taabu ya kujieleza: alikuwa mwana wa Muhammed, mwana wa Juma, mwana wa Rajab, na biashara ya bara ilikuwa kazi ya baba yake kabla haijawa yake.

Lakini njia zilezile zilizompa Tippu Tip utajiri na jina ziliwanyang'anya maelfu ya watu majina yao. Makala haya yanawahusu wazawa wa watu hao, hasa wale ambao babu zao waliletwa Frere Town, huko Kisauni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, na Rabai, mwendo wa saa chache kwa miguu. Kwao swali la "mwana wa nani?" si swali la adabu tu. Ngazi yao huishia kwa mtu mmoja aliyeshuka chomboni akiwa mtoto, na juu ya mtu huyo hapana kipago.

Yafaa kwanza kueleza jinsi watu hao walivyofika. Wa mwanzo hawakutoka bara moja kwa moja, bali walitoka Bara Hindi. Watoto waliotekwa na manowari za Kiingereza katika Bahari ya Hindi walikuwa wakipelekwa Bombay, na baadhi yao wakalelewa katika makao ya Church Missionary Society huko Nasik, chini ya Mchungaji William Salter Price. Mwaka 1864 wachache wao, miongoni mwao George David, William Jones na Ishmael Semler, walirudishwa Afrika kumsaidia Johannes Rebmann huko Rabai. Watu wa Mombasa waliwaita "Wabombei", jina ambalo lenyewe ni kichekesho cha historia: Myao kuitwa kwa jina la mji wa Kihindi kwa sababu ndiko alikosomea uhunzi, useremala na Biblia. Kisha ukaja mkataba wa tarehe 5 Juni 1873, ambao kwao Sultani Barghash wa Unguja alilazimika kulifunga soko la watumwa. Manowari zikaongeza doria, watu waliookolewa wakawa wengi, na mahali pa kuwaweka pakawa hapana. Ndipo Price alipotoka tena Uingereza, akanunua ardhi Kisauni, na makao mapya yakapewa jina la Sir Bartle Frere, aliyekuwa ametumwa Unguja kuutafuta mkataba huo. Tangu mwaka 1875 watu walishushwa hapo kwa makundi: Wayao, Wamakua, Wanyasa, Wazigua na wengineo, watoto kwa watu wazima.

Mtafiti wa nasaba aanzapo kazi yake hapa, hudhani kwamba kwa vile mambo haya yalitendwa na Waingereza, watu wapendao karatasi, basi kila kitu kimeandikwa. Dhana hiyo ina ukweli nusu. Manahodha wa manowari walilipwa tuzo kwa hesabu ya watu waliookolewa au kwa ukubwa wa jahazi lililotekwa, na kila jahazi lilipelekwa mbele ya mahakama kabla ya kuhukumiwa. Kwa sababu hiyo hesabu zilifanywa kwa uangalifu: wanaume wangapi, wanawake wangapi, watoto wangapi, uzito wa chombo tani ngapi. Kilichokuwa na thamani ya fedha kiliandikwa. Jina la mama wa mtoto halikuwa na thamani ya fedha.

Daftari za ubatizo na za ndoa za kanisa zina faida zaidi, lakini nazo hazina budi kusomwa kwa hadhari. Tatizo la kwanza ni majina. Mtu aliyetekwa angeweza kuwa na majina matatu au manne katika maisha yake: jina la kwao, jina alilopewa na tajiri wake wa pwani, jina la ubatizo, na pengine jina la pili la mfadhili wa Kiingereza aliyeilipia skuli. Majina ya utumwani yalikuwa na mtindo wake. Yako ya siku, kama Juma na Hamisi, ambayo waungwana pia waliyatumia. Yako ya bahati na mali, kama Baraka, Mabruki, Feruzi na Majaliwa. Na yako ya namna ya Sikujua, ambayo ni sentensi nzima iliyofinyangwa ikawa jina la mtu. Aliyelitoa jina hilo alikuwa akijisemea mambo yake mwenyewe, na aliyepewa aliubeba msemo wa mtu mwingine hadi kufa kwake. Mtafiti akimkuta "Juma" katika daftari, hana anachokijua bado.

Majina ya Kiingereza nayo yana mtego wake. Watu wawili wenye jina moja la pili wanaweza kuwa ndugu wa damu, wanaweza kuwa wameshiriki mfadhili tu, na wanaweza kuwa wamelichagua jina kwa kulipenda. Wazawa wao, wakiishi katika nchi ambayo jina la pili sasa ni jina la ukoo, hudhani kwa urahisi kwamba jina lilelile ni damu ileile. Si wachache waliokwisha kujenga mti wa ukoo juu ya msingi huo.

Tatizo la pili ni kabila. Daftari husema "Mnyasa", na mjukuu hufurahi kwamba amempata babu yake. Lakini Nyasa ni neno la bara lenye maana ya ziwa, au maji mengi, na pwani liliwekwa juu ya yeyote aliyepitishwa kutoka upande wa ziwa hilo, awe Mnyanja, Mmang'anja, Mtumbuka au mwingine. Lilikuwa neno la njia na la soko. Mtoto wa miaka sita au saba, aliyeuzwa mara tatu kabla ya kufika Kilwa Kivinje, aliulizwa kabila lake na mtu asiyeijua lugha yake. Akajibu alivyosikia akiitwa. Neno "Myao" lina afadhali, kwa maana Wayao walijulikana sana pwani, lakini nalo lina uchungu wake. Wayao walikuwa miongoni mwa waliouzwa, na walikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa. Misafara ya wakuu kama Mataka wa Mwembe na Makanjila wa ukingo wa ziwa ndiyo iliyoshusha watu Kilwa. Kitukuu wa Frere Town akisafiri leo kwenda Malawi au kaskazini ya Msumbiji kuutafuta ukoo wa Kiyao, aweza kupokewa kwa shangwe nyumbani kwa wajukuu wa yule aliyemuuza babu yake, na pande zote mbili zisijue. Au zijue. Hilo la pili ni zito zaidi, wala hapana daftari linalofundisha namna ya kuketi nalo.

Tatizo la tatu ni kubwa kupita hayo mawili, ingawa halitajwi sana. Wayao, Wamakua na Wanyanja, yaani watu walio wengi katika asili ya jumuiya hizi, huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Kwa Wayao nguzo ya jamaa ni mbumba, yaani kina dada na watoto wao walio chini ya ulinzi wa kaka yao mkubwa. Mtoto ni wa mbumba ya mamaye, na mwenye neno juu yake ni mjomba kuliko baba. Kwa Wamakua jina la ukoo, ambalo wao huliita nihimo, mtoto hulipata kwa mamaye. Sasa mtu wa namna hii alipofika Frere Town alikutana na kanisa la Kiingereza lililoandika jina la baba, na mji wa Kiislamu uliohesabu kwa baba vilevile. Watoto wake wakaandikwa kwa jina lake, na watoto wa wanawe wakaandikwa kwa jina lilo hilo. Leo mzawa aishikaye kamba ya jina la baba, akaifuata nyuma kizazi baada ya kizazi, anaifuata kamba ambayo babu mwenyewe asingeiita ukoo. Kwa hesabu ya kwao, babu huyo wa kiume hakuanzisha ukoo wowote Kisauni. Ukoo wake ulibaki bara, tumboni mwa dada zake ambao hawakutekwa. Walioleta ukoo pwani ni wanawake, na wanawake ndio wanaopotea upesi katika daftari, kwa kuwa huingia kwa jina la ubatizo, kisha huolewa na kufichwa nyuma ya jina la mume. Basi mtafiti wa Frere Town aanze kwa nyanya zake. Nyanya mzaa mama, na mama wa nyanya huyo, ndio njia fupi zaidi ya kufika mahali ambapo watu wa bara wangemtambua mgeni wao.

Hapa lugha yenyewe ya Kiswahili haimsaidii mtafiti sana. Ni tajiri ihesabupo kushuka: mwana, mjukuu, kitukuu, kilembwe, kisha kinying'inya. Kupanda ni shida. Baada ya babu na nyanya msemaji hulazimika kuunganisha, babu mzaa babu, nyanya mzaa nyanya, kama mtu anayerundika mawe. Yumkini si ajabu. Jamii ya pwani iliwaachia wenye nasaba kazi ya kuhesabu kwenda juu, nao walikwisha kuwa na "bin".

Mwandishi wa kwanza aliyeukabili mkatiko huu kwa kalamu ya Kiswahili alikuwa James Mbotela. Kitabu chake, *Uhuru wa Watumwa*, kilichapishwa London mwaka 1934, na tafsiri yake ya Kiingereza ikatoka mwaka 1956. Baba yake alikuwa mmoja wa walioletwa Frere Town, na mwana aliyaandika aliyoyasikia kwake na kwa wazee wenzake: jinsi watu walivyokamatwa, safari ya kwenda pwani, jahazi, manowari, na maisha mapya chini ya kanisa. Wakosoaji wamekilaumu kitabu hicho, tena kwa haki, kwamba humsifu Mwingereza kupita kiasi na kuutua mzigo wote wa dhambi begani mwa Mwarabu. Frere Town haikuwa bustani ya amani. Mwaka 1881 msimamizi wake asiye kasisi aliondolewa baada ya uchunguzi juu ya viboko na vifungo walivyotiwa wakaaji, na uhuru wa mtu aliyeokolewa ulikuwa na amri nyingi na kengele nyingi. Hata hivyo lawama hizo zisimzuie msomaji kuona jambo jingine. Katika nchi ambayo watu walikuwa tayari kusingizia nasaba ya Shirazi au ya Uarabuni kuliko kukiri bara, mtu mmoja alichapisha kitabu kinachosema: wazee wetu walikuwa watumwa, na habari zao ni hizi. Alilitia neno lenyewe katika jina la kitabu. Ushujaa wa namna hiyo haupimwi kwa shukrani anazompa mmisionari.

Neno "watumwa" lilikuwa na ndugu zake wengi, na mtafiti hana budi kuwafahamu, maana kila moja huonyesha kipago cha ngazi. Aliyefika karibuni kutoka bara aliitwa mjinga, wala si kwa kukosa akili bali kwa kutojua bado lugha na desturi za pwani. Kamusi za karne ya 19 zinaieleza maana hiyo bayana, na wasemaji wa leo wameisahau. Mzalia alikuwa mtumwa aliyezaliwa papo hapo pwani, naye alijiona bora kuliko mjinga. Mtoro ni aliyemkimbia bwana wake. Huru ni aliyeachwa. Juu ya wote alikaa mwungwana, ambaye hakuwahi kumilikiwa, na jina hilo lilipendwa hata na wapagazi na askari wa misafara, ambao wakifika Manyema hujiita waungwana mbele ya wenyeji, ingawa Unguja wasingethubutu. Mzee wa Rabai aliyesema "sisi si watoro, sisi ni mateka" hakuwa akibishania maneno matupu. Alikuwa akieleza kwamba babu yake aliokolewa baharini kabla ya kuwa na bwana pwani, na jirani yake sivyo.

Watoro hao wana habari yao, na kwa mtafiti ni bahati chungu. Katika miaka ya 1880 watu wengi waliwakimbia mabwana zao wa Mombasa, Takaungu na Malindi, wakajificha Fuladoyo na penginepo, na wengi wakaingia katika vituo vya misheni, hasa Rabai, ambako William Jones alikuwa mlezi wa kanisa. Mabwana walidai mali yao, na mwaka 1888 shari ilikaribia kuzuka. George Mackenzie wa Imperial British East Africa Company aliamua kuwalipa mabwana fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watoro zaidi ya 1,400 walipewa hati zao za uhuru. Wazawa wa watu hawa wana kitu ambacho mara nyingi wazawa wa mateka hawana, yaani mahali pa kuanzia pwani: shamba fulani, mji fulani, tajiri fulani. Fidia hailipwi bila kujulikana nani alikuwa wa nani. Lakini mlango huo humwingiza mtu katika nyumba ya bwana kabla ya kumfikisha kwa mama yake babu, na wako waliofika mlangoni wakageuka.

Ndipo panapoonekana sababu ya kimya cha wazee. Wengi waliofanya mahojiano katika jumuiya hizi wamekutana na nyanya ambaye husimulia kwa furaha habari za kwaya, za useremala, za ndoa kanisani, na akiulizwa habari za kabla ya hapo husema, "Sisi ni Wamisheni." Jibu hilo si la kukwepa tu. Ni kabila lililoundwa. Myao alimwoa Mmakua, binti yao akaolewa na Mzigua, Kiswahili kikawa lugha ya nyumbani, na katika vizazi viwili mtu alikuwa na asili nne na lugha moja. Serikali ya kikoloni ilipoanza kuwavisha wanaume kipande, baada ya sheria ya mwaka 1915 kutiwa nguvuni mwishoni mwa mwongo huo, karatasi ilidai kabila moja. Wengine walijiandikisha kwa kabila la babu, wengine kwa la majirani zao wa Kimijikenda, na ndugu wa tumbo moja waliweza kutoka ofisini wakiwa watu wa makabila mawili. Tofauti hizo zimo katika karatasi za jamaa hadi leo, na vijana husumbuka nazo wakidhani kwamba mmoja wa mababu alidanganya.

Katika ukoo wa Mbotela wenyewe alitoka Tom Mbotela, mwanasiasa aliyeuawa Nairobi mwezi wa Novemba 1952, na mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki mwaka 2025. Kipindi cha mtangazaji huyo, kilichoanza mwaka 1966, kilisikilizwa na vizazi viwili vya Wakenya, nacho kiliwauliza watu kuhusu tabia zao: *Je, Huu ni Ungwana?* Wasikilizaji walilielewa neno kwa maana yake ya sasa, yaani adabu na utu wema. Ni vigumu mwanafunzi wa historia ya lugha asitabasamu akikumbuka kwamba ungwana ndicho kipago ambacho sheria na desturi za Mombasa zilimnyima babu wa jina hilo, na kwamba nchi nzima ilikubali kuulizwa swali hilo na mjukuu.

Kuna mtu mmoja ambaye maisha yake yanaonyesha kwa ukamilifu umbali ambao utafiti waweza kufika, na mahali unapokwama. Alizaliwa Myao, akaitwa Chengwimbe. Alitekwa utotoni, akaokolewa baharini, akalelewa Nasik, akabatizwa Matthew Wellington. Mwaka 1872 alikuwa mmoja wa vijana wa Nasik waliopelekwa kwa David Livingstone, na Livingstone alipofariki mwaka 1873 kijijini kwa Chitambo, alikuwa katika msafara uliouchukua mwili wake hadi pwani. Jacob Wainwright, mwenziwe wa Nasik, aliyeandika kumbukumbu za safari hiyo, aliufuata mwili mpaka Westminster, ukazikwa tarehe 18 Aprili 1874. Wellington aliishi Frere Town na Mombasa hata uzee, akafariki mwaka 1935 akiwa wa mwisho wa kundi lake. Kwa sababu ya Livingstone aliulizwa maswali mengi, akaandikiwa kitabu, akapigwa picha kifuani pana nishani. Jina lake la kwanza linajulikana, na kwa watu wa Frere Town hiyo ni neema adimu. Waliomhoji walitaka zaidi habari za Daktari: alikufaje, alisema nini, mwili ulikaushwa vipi kwa chumvi na jua. Jina la mama yake Chengwimbe, na la mjomba aliyekuwa mkuu wa mbumba yao, hawakulifanya kuwa swali.